Mdogo Wangu Aliyeomba Kutozwa Kodi

Kwa miaka yote niliyofundisha shule ya msingi pale Zinga nimeona watu wakiikimbia kodi kwa kila mbinu. Nimeona mwenye duka akishusha mlango saa nne za asubuhi kwa sababu amesikia wakaguzi wako stendi. Nimemsikia mzazi wa mwanafunzi wangu akiiita nyumba yake banda la kuku mbele ya mtendaji, na banda lenyewe lina madirisha ya vioo na dishi juu ya bati. Mtu anayeomba atozwe, tena anayenuna asipotozwa, nimemwona mmoja tu, naye ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja.

Sisi ni watu wa Kaole. Wazazi wetu walilima mihogo na kutunza minazi, na katika watoto waliowazaa tulikua wawili tu, mimi na yeye, nami nikimzidi miaka mitano. Niliingia ualimu, nikaolewa Zinga, nikazaa wanangu wawili wa kiume, nikafiwa na mume. Yeye alipata njia ya kwenda nje akiwa kijana, kwenye nchi moja ya baridi huko kaskazini, akaajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali. Alifua mashuka ya wagonjwa miaka thelathini na kitu. Alioa huko huko, akapata binti mmoja, akaachana na mkewe kwa wema, na miaka michache kabla ya kustaafu akala kiapo cha uraia wa nchi ile. Aliniarifu kwa simu, katikati ya habari za mvua na bei ya nazi, kama mtu anayesema amehamia mtaa wa pili. Mimi nami sikulitia maanani. Nilimuuliza kama amekula.

Hapa kwetu uraia pacha haupo. Ukiapa kwingine, wa hapa umekwisha, hata kama kitovu chako kimezikwa Kaole. Nililijua hilo vizuri, maana niliwahi kulifundisha darasani na kulitungia swali la mtihani. Ila lilikuwa jambo la ubaoni, la watoto kunakili. Sikuwahi kulioanisha na mdogo wangu.

Alipostaafu alikuja na masanduku mawili na daftari la jalada gumu. Alisema amechoka kuwa mpangaji. Miaka yote huko alikaa nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu, jiko halitoshi watu wawili kusimama. Sasa alitaka nyumba yake mwenyewe, huku kwetu, ainunue kwa akiba yake na afie humo. Hilo la kufia alilisema waziwazi, huku anamenya chungwa kwenye ukumbi wangu. Nikamwambia aache uchuro.

"Siyo uchuro, dada," akasema. "Nimeshazeeka. Napanga mambo yangu."

Daftari lilikuwa la maswali. Nililifungua alipokwenda kuoga, kwa sababu mimi ni mtu wa kufungua madaftari ya watu, nimelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa kimoja kwa herufi kubwa: KODI. Chini yake maswali kumi na manne kwa mwandiko wake ule ule wa darasa la nne, ulioegemea kushoto. Habari za vyumba, maji na choo zilikuwa mbele huko, ukurasa wa sita.

Nilimcheka. Akanieleza kwa uvumilivu kwamba kule alikokuwa, mtu anayenunua nyumba bila kuuliza kodi yake huonekana punguani.

"Bei unailipa mara moja, dada, unaisahau. Kodi unaishi nayo kama mke."

"Na mkeo uliishi naye miaka mingapi?"

Alicheka mpaka akaliweka chini chungwa. Nayataja haya kwa sababu nataka ijulikane kwamba mwanzoni tulicheka sana.

Nyumba tuliyoipata ilikuwa njia ya Kaole ukitoka Bagamoyo mjini, ya mzee mmoja mwenye asili ya Kihindi ambaye babake alikuwa na duka pale tangu hatujazaliwa. Duka lilikuwa limefungwa zamani. Mkewe alikuwa amefariki, mabinti zake wako Dar es Salaam, nao walikuwa wakimvuta ahamie kwao. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne, baraza mbele, ua nyuma wenye kisima na mstafeli uliozaa kupita kiasi. Bati lilikuwa limeliwa na chumvi ya bahari. Kwenye chumba cha mbele rafu za duka zilikuwa bado zipo, na ukisogea karibu unasikia harufu ya iliki na mafuta ya taa, kana kwamba mtu amepimiwa sasa hivi.

Mzee alimtazama mdogo wangu kitambo, akamwambia, "Wewe ndiye uliyekuwa ukija na chupa haina kizibo. Unafika kwenu mafuta nusu."

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na kizibo safari hii?"

Tulikaa barazani, tukanyweshwa chai ya tangawizi. Mtu mwingine angekagua kuta. Mdogo wangu alifungua daftari.

"Mzee, kodi ya nyumba hii kwa mwaka ikoje?"

Mzee alinitazama mimi, kama anayeuliza huyu mgeni ni mzima. Kisha akajibu kwa adabu. "Ipi, mwanangu? Ziko mbili. Ya jengo na ya ardhi."

Akanyoosha kidole kwenye mita ya umeme iliyopachikwa ukutani. Ya jengo, akasema, serikali inajikatia yenyewe mle. Unaponunua umeme, kila mwezi wanaondoa chao kwanza, ndipo wanakupa uniti zako. Hakuna kwenda ofisini wala kupanga foleni.

"Na kama nyumba ina mpangaji?"

"Anakatwa mpangaji. Si ndiye anunuaye umeme?"

"Lakini nyumba si yake!"

"Si yake. Basi mnaelewana, unampunguzia kwenye pesa ya chumba."

Mdogo wangu aliandika kwa muda mrefu. Halafu akauliza risiti inatoka kwa jina la nani. Mzee akasema inatoka na namba ya mita. Mimi na mzee tulicheka, ila yeye hakucheka. Alieleza kwamba kule, kila mwaka, wenye nyumba hupata barua ya serikali kwenye sanduku lao, ina jina lao kamili, na inawaambia wanadaiwa nini kwa nyumba yao. Yeye hakuwahi kuipata, kwa kuwa alikuwa mpangaji. Alikuwa akiiona tu kwenye masanduku ya wenzake chini ya ngazi, imechomoza nusu.

"Basi ya ardhi ndiyo yako," mzee akamwambia. Akaeleza kwamba ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais ameshikishwa kama mdhamini, na mwenye hati ni kama amepangishwa na taifa. Kila mwaka unalipa pango la ardhi kwa ukubwa wa kiwanja na kazi yake. Hiyo ina jina. Akaingia ndani, akatoka na jalada la karatasi zilizofungwa kwa utepe. Juu zilikuwa risiti zake mwenyewe, chini yake za babake, nyingine zimekuwa rangi ya chai.

Mdogo wangu alizipekua taratibu. Alipofika risiti ya karibuni alipitisha kidole juu ya jina la yule mzee, herufi kwa herufi. Hapo ndipo nilipoelewa anachokitaka. Alitaka karatasi ya serikali ya kwao, inayomtaja yeye kwa majina matatu, inayosema huyu ana kiwanja hapa na anatakiwa alipe. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ilinitia haya, kwa kuwa karatasi kama hiyo ya shamba langu la Zinga nilikuwa nimefunikia mtungi.

Bei ilipatana siku hiyo hiyo. Mzee alishusha kidogo kwa ajili ya kumbukumbu ya ile chupa, akasema mwenyewe.

Tulirudi Zinga kula. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula chake tangu utotoni, na tulipokuwa tunakula nikalisema neno ambalo kwangu lilikuwa dogo. Nikamwambia tuandikishe nyumba kwa jina langu. Kila mtu anafanya hivyo. Kuanzia kwetu mpaka Mlingotini zimejaa nyumba za watu walio nje, zimesimama kwa majina ya dada zao na kaka zao, na hakuna aliyewahi kuulizwa. Ndugu wa tumbo moja hawaandikiani mikataba. Ukimwandikisha nduguyo karatasi umemtukana.

Alitafuna, akameza, akanawa mkono. Nikajua anakuja na jambo.

"Hapana, dada."

Akanisimulia habari ya mwenzake mmoja wa kule kazini, mtu wa pwani kama sisi, aliyejenga nyumba kwa jina la binamu yake. Kila mwaka pango la ardhi likaja kwa jina la binamu. Binamu akafa. Mjane na watoto wakachukua hati na risiti, wakasema hii ni ya baba yetu, tazameni, yeye ndiye aliyekuwa akilipa. Mwenzake akabaki na picha za simu, za msingi mpaka kenchi.

"Mimi ni binamu yako?" nikamuuliza.

"Wewe sikuogopi, dada. Nawaogopa watakaokurithi."

Watakaonirithi ni wanangu. Ni wanangu waliompokea uwanja wa ndege, waliompisha chumba chao, mmoja wao alikuwa analala ukumbini kwenye mkeka kwa ajili yake. Niliinuka nikakusanya sahani, na yake bado ilikuwa na wali.

Alinifuata jikoni. Akatoa pochi, akanionyesha kitambulisho cha taifa alichokichukua alipokuja likizo, miaka kadhaa kabla hajala kile kiapo. Alikuwa amekitunza, hakina mkwaruzo. Alisema atatumia hicho. Namba ipo, picha ni yake, jina ni lake.

"Huo ni uongo," nikasema.

"Uongo gani? Nimezaliwa wapi mimi?"

"Swali haliulizi umezaliwa wapi."

"Nitalipa kila kitu, dada. Pango, ushuru wa stempu, uthamini, chochote watakachotaja. Nani nitakuwa nimemwibia?"

Sikuwa na jibu, na mtu aliyezoea kuwa na jibu mbele ya watoto arobaini hukosa adabu anapolikosa. Nilimwambia amekaa na watu wasioaminiana mpaka amekuwa kama wao. Hilo nililisema. Alichukua sahani yake kwenye beseni akaiosha mwenyewe, akaosha na zangu.

Siku mbili baadaye tulikwenda ofisi ya ardhi, mimi, yeye na mzee, katika bajaji moja. Tulikuwa tumeshapatanishwa na mambo ya kawaida, chai, kifungo cha shati, funguo ziko wapi. Ndani yangu nilikuwa bado nafukuta. Yeye alikuwa amevaa kanzu mpya na koti, na daftari amelishika kwapani. Afisa aliyetupokea alikuwa binti wa umri wa wanangu, mwenye hijabu ya kijivu na sauti ya chini. Alitusalimia shikamoo mmoja mmoja, akatupa viti, akafungua jalada la mzee. Alikuta pango limelipwa lote mpaka mwaka ule, hakuna kilichosalia. Akamsifu mzee. Alisema mara nyingi watu huja kuuza na huku hawajalipa miaka kumi, biashara inakwama papo hapo.

Kisha akachukua fomu ya uhamisho. Akaeleza kwamba kuna maswali machache ya lazima, tusimwelewe vibaya. Mojawapo ni uraia. Aliponyanyua macho, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwa mzee.

"Samahani, mzee wangu. Uraia wako?"

Mzee hakukasirika. Alikuwa na kitambulisho tayari mfukoni mwa shati, amekiweka mbele kama mtu aliyezoea kuulizwa. "Babu yangu kazaliwa Bagamoyo hii hii, mjukuu wangu. Tazama tu."

Binti aliona haya, akaandika upesi. Halafu akamgeukia mdogo wangu, na safari hii hata hakusubiri kalamu isimame. "Na wewe baba ni raia, eti?"

"Ndiyo," mdogo wangu akasema, akakisukuma kitambulisho chake mezani.

"Siyo," nikasema mimi.

Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba ulimi uliteleza. Nilisema ni mazoea ya kazi, kwamba nimeishi maisha yangu yote nikisikia jibu lenye kosa na kulisahihisha kabla halijapoa. Yamo na hayo. Lakini ulimi haukuteleza. Kati ya ndiyo yake na siyo yangu palikuwa na nafasi ya kutosha, na katika nafasi hiyo niliwaona wanangu wakiitwa wezi juu ya wali wangu mwenyewe. Nilijua ninalolisema na nilijua litakalofuata. Nilichokuwa sijui ni sura yake itakavyokuwa.

Hakunitazama. Aliitazama ile fomu. Alikuwa na uso wa mtoto aliyeitwa mbele ya darasa na kukutwa hajavaa viatu, na mimi watoto wa namna hiyo sikuwahi kuwaita mbele, nilikuwa nikiwaacha wakae.

Binti aliweka kalamu chini. Alikuwa na busara kuliko sisi sote. Alikirudisha kile kitambulisho upande wa pili wa meza kwa ncha ya kidole, akasema, "Baba, hiki kilitakiwa kurudishwa. Leo mimi sijakiona." Kisha akaeleza, kwa sauti ile ile ya chini, kwamba asiye raia haandikishwi ardhi ya makazi. Anaweza kupata ya uwekezaji, kupitia chombo cha serikali kinachoshughulikia wawekezaji, kwa muda maalumu. Ajenge hoteli, kwa mfano, au kiwanda.

"Binti yangu," mdogo wangu akasema, "mimi ni mfua mashuka. Nataka pa kukaa."

"Naelewa, baba."

"Kodi nitalipa. Hata mkinitoza mara mbili."

"Naelewa, baba. Lakini siwezi kukutoza kwa kitu ambacho huwezi kuwa nacho."

Mzee alisema atasubiri, hata mwaka, pengine mambo yatabadilika. Alimshika mdogo wangu mkono tukatoka. Nje palikuwa na jua kali na foleni ya watu waliokuja na risiti zao mikononi. Nilijaribu kusema kitu kuhusu jina langu, kwamba njia ile bado ipo, twende kwa mwanasheria aandike chochote atakacho, wanangu watie saini. Ningetia saini hata karatasi tupu saa ile.

"Ungeniacha tu, dada," akasema. Hakupandisha sauti.

Alibadilisha tiketi, akaondoka kabla ya siku zake. Daftari alilichukua. Wanangu walimsindikiza. Mimi nilibaki Zinga kwa kisingizio cha presha, ambayo kweli ninayo.

Mzee alisubiri karibu mwaka, kama alivyoahidi. Nilikuwa nampitia nikienda Kaole kuzuru makaburi ya wazazi, tunakunywa chai, ananiuliza habari za mwenye chupa. Mwishowe mabinti zake walimshinda. Nyumba ikanunuliwa na mtu kutoka Dar es Salaam ambaye hakuitaka nyumba, alitaka kiwanja. Walibomoa kwa siku mbili. Mstafeli waliukata, kisima wakakifukia kwa kifusi cha ile baraza, wakazungusha ukuta wa matofali, na sasa ndani yake kuna vyumba vya wageni vyenye viyoyozi.

Mimi na mdogo wangu tuliendelea kuongea kwa simu kila Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri. Shikamoo dada, marahaba, hujambo, sijambo, baridi, mvua, wanao, binti yako. Kulikuwa na mambo mengi ya kusema bila kuligusa lile, nasi tuliyasema yote. Niliwahi kukaa na simu mkononi nimelitunga neno la kuomba radhi, nimelipanga vizuri kama insha, na alipopokea nikamuuliza kama amekula.

Kisha akaugua. Mapafu, walisema, labda ni mvuke wa zile dawa za kufulia, labda sivyo. Ijumaa moja alinipigia akiwa kitandani, katika hospitali ile ile aliyoifulia mashuka. Sauti ilikuwa nyembamba lakini ilikuwa yake. Tulisalimiana. Halafu, baada ya miaka miwili na zaidi, aliuliza.

"Dada, ile nyumba ya mzee ipo?"

"Ipo," nikasema.

"Anakaa nani?"

"Familia moja. Watu wazuri."

"Bati je?"

"Wamebadilisha. Wameweka la rangi ya udongo. Limependeza."

Nilisikia anavuta pumzi, anapumzika, anavuta tena. "Na pango la ardhi? Wamepandisha?"

"Hapana. Liko vile vile."

"Si ghali," akasema.

"Si ghali kabisa."

Mimi niliyeshindwa kuacha neno moja la uongo lipite mezani kwa binti wa watu, niliutunga huo wote bila kusita, na kama angeniuliza zaidi ningemwongezea mapazia. Hakuuliza. Alisema ahsante dada. Alifariki wiki iliyofuata, siku ya Jumatano.

Hakuletwa. Binti yake alijaribu, gharama na karatasi zikamshinda, nasi hatupendi maiti akae. Alizikwa kule, katika sehemu ya Waislamu ya makaburi ya mji, na watu kumi na moja walihudhuria, wengi wao wa kile chumba cha kufulia. Sisi tulisoma khitma Zinga. Yule mzee alikuja kutoka Dar es Salaam na mabinti zake, akakaa nje kwenye viti vya wanaume mpaka mwisho, akala pilau yetu, akalia. Miezi michache baadaye nilisikia redioni kwamba watu wenye asili yetu walio nje wanawekewa hadhi maalumu, waweze kumiliki ardhi huku kwao. Nilikuwa napepeta mchele. Nikazima redio, nikaendelea kupepeta, na sikuona tena mchele wala chuya.

Binti wa mdogo wangu hunipigia. Kiswahili chake ni cha kujifunza, anakitembelea taratibu kama mtu aliye kwenye utelezi, lakini adabu anayo, shikamoo yake haikosi. Juzi alinitumia picha ya kaburi, jiwe dogo la kijivu na majina matatu ya baba yake. Halafu akanieleza jambo ambalo ilibidi alirudie mara mbili. Kaburi la kule linalipiwa. Wamepewa miaka ishirini na mitano. Ikiisha, lazima mtu alipe tena, na asipopatikana wa kulipa, jiwe litaondolewa na atazikwa mwingine pale pale.

Nikamuuliza karatasi imeandikwa jina la nani. Akasema lake yeye, kwa kuwa lazima mtu aliye hai awe nayo.

Nikamwambia waandike langu. Mimi ni mkubwa wake, pensheni yangu ni ndogo lakini haikatiki, nitaanza kuweka sasa hivi, na nikiondoka wanangu watalipa, na wao wakiondoka watalipa wajukuu. Wanangu walikuwa wamekaa hapo hapo, wote wawili wakaitikia kwa kichwa. Nilisema tutalipa kiasi chochote watakachotaja. Binti yake akatafuta maneno.

"Shangazi, nimeshawauliza. Hawakubali. Wanataka mtu wa huku. Wewe kwao ni mgeni."

"Lakini ni mdogo wangu," nikasema.

"Najua, shangazi," akasema. "Karatasi yao haina pa kuliandika hilo."